Medali ya Mtu Mwingine

Mume wangu alifia kwenye benchi la duka la dawa, asubuhi ya siku ya kazi, gazeti likiwa kwapani. Muuza dawa aliniambia kwamba alikuwa anabishana na mtu wa mbele yake kwenye foleni kuhusu penalti iliyopigwa miaka mingi iliyopita. Akasema anakaa kidogo, apumue. Yule mtu akaendelea kumwaga hoja zake peke yake, na mwenzake alipokaa kimya akadhani ameshinda.

Naandika haya kwa sababu nimechoka, na mtu akichoka husahau. Sitaki kusahau ilivyokwenda.

Kwa miaka thelathini na moja aliandika habari za michezo kwenye gazeti. Wasomaji walimjua kwa jina la Kipenga, kwa kuwa ujanani alikuwa anachezesha mechi za mitaani kabla hajashika kalamu. Hatukujaliwa mtoto, lakini mtaa mzima uliniita Mama Kipenga, nami nikaitika. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule. Cherehani yangu imekaa sebuleni, karibu na mlango, kwa sababu chumba cha pili kilikuwa cha vitu vyake.

Vitu vyenyewe vilikuwa vya michezo. Glavu za ndondi zilizopasuka kidole gumba. Jezi za timu ambazo hata mashabiki wake wamekwisha kuzikana. Viatu vya mbio vyenye misumari, kofia za makipa, kadi nyekundu ya mwamuzi, bendera ya kona, tiketi zilizochanwa, ratiba za mashindano, medali. Ukuta mzima ulikuwa na misumari na kila msumari ulikuwa na mzigo wake. Nilikuwa naingia mara moja moja tu, kumwita akale. Kufuta vumbi nilikatazwa.

"Vumbi nalo ni ushahidi," alikuwa akiniambia.

"Ushahidi wa uvivu," namjibu, na yeye anacheka na kurudisha mlango.

Nilipomuuliza kitu fulani kimetoka wapi, jibu lilikuwa moja: "Nimepewa." Nikaamini. Mtu aliyependwa na watu kama yeye, kupewa kwake si ajabu.

Mwezi mmoja baada ya mazishi alikuja katibu wa uwanja mkubwa. Mtu mpole, shati limenyooshwa, anaongea kama anasoma. Alisema chini ya jukwaa kuu kuna chumba kizuri hakina kazi. Wanataka wakifanye chumba cha kumbukumbu za michezo, waweke vitu vya marehemu, na mlangoni wapachike kibao chenye jina lake. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, fundi umeme, alikuwa amekaa pale. Alisimama akampa katibu mikono miwili.

"Kaka yangu atakuwa na mlango wake mwenyewe!" alisema. Machozi yalimtoka. Mimi pia yalinitoka. Mtu ambaye hakuacha mtoto, jina lake huishia kwenye jiwe la kaburi, na mvua chache tu zikipita halisomeki. Kibao mlangoni, watu wanaingia na kutoka wanakisoma, lilikuwa jambo kubwa kwangu. Nililitaka kuliko kitu chochote. Nalisema wazi ili nitakayoyaeleza mbele yaeleweke.

Tulianza kufungasha siku ya Alhamisi, watu watatu: mimi, shemeji, na Flashi. Flashi alikuwa mpiga picha wa gazeti, ndiye aliyezunguka na mume wangu viwanja vyote. Amestaafu sasa, lakini bado anafumba jicho moja akikutazama, kana kwamba bado ana kamera usoni.

"Flashi, fumbua jicho, ubebe boksi," shemeji alimwambia.

"Nikifumbua yote mawili nitakuona ulivyo. Niache."

Walikuwa wanataniana hivyo, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nafunga vitu vidogo kwenye vipande vya vitambaa. Nikafika kwenye medali. Ilikuwa ya dhahabu iliyopauka, nzito, kanda yake imekatika. Nyuma yake palikuwa na kikaratasi kigumu kimefungwa kwa uzi. Uzi niliujua mara moja, ni wa bluu, ule ninaoshonea sketi za shule. Kikaratasi kilikuwa na mwandiko wa mume wangu, kwa penseli: *Mita elfu kumi. Ya Treni, mpakia mizigo wa reli. Ya kupigwa picha. Arudishiwe Jumatatu.* Chini kulikuwa na tarehe. Nilihesabu. Ilikuwa miaka ishirini na tisa.

Nilifikiri nimesoma vibaya. Nikachukua glavu za ndondi, nikaingiza mkono ndani. Kikaratasi kingine. *Arudishiwe Jumatatu.* Kwenye jezi kilikuwa kimeshikizwa kwa ndani, shingoni. *Arudishiwe Jumatatu.* Kofia ya kipa, hivyo hivyo.

"Flashi," nikasema. "Hivi vitu alipewa au aliazima?"

Flashi alifumbua jicho la pili. Ndipo nilipojua jibu.

Alikaa juu ya boksi akaeleza polepole. Siku zile gazeti lilitaka picha ya kitu peke yake, ipigwe ofisini, kwenye taa nzuri. Kwa hiyo mwandishi akienda kumhoji bingwa, alikuwa anaazima: medali, kiatu, picha ya ukutani, chochote. "Nitakurudishia Jumatatu," maana Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yetu ya mapumziko. Waandishi wote walifanya hivyo. Habari inatoka Jumapili, Jumatatu kuna jambo jingine limezuka, mtu anatumwa safari, kitu kinabaki kwenye droo.

"Wengine droo zao zilijaa wakatupa," alisema. "Kipenga hakutupa hata kimoja. Alivipenda. Alivileta nyumbani."

"Bila kuwaambia wenyewe."

"Si kuiba, Mama Kipenga. Ni kuchelewa."

"Miaka ishirini na tisa?"

Alitazama sakafu. "Ni kuchelewa sana."

Tulisimamisha kufungasha tukaanza kutafuta vikaratasi. Vitu vya mume wangu mwenyewe, alivyonunua au kuokota au kupewa kweli, vilienea kwenye meza ya kulia chakula na nafasi ikabaki: tiketi, ratiba, bendera ya kona, mpira mmoja usio na upepo. Vyenye kikaratasi vilikuwa arobaini na vitatu.

Nikakumbuka Jumatatu zake. Alikuwa anaoga mapema, anavaa shati la maana, anatoka na mfuko. Jioni anarudi na mfuko ule ule, umejaa vile vile. "Hawakuwepo," anasema. Au, "Mvua." Nilikuwa najua anakwenda kukusanya. Kumbe alikuwa anakwenda kurudisha, anafika pengine hadi kwenye kona ya nyumba ya mtu, miguu inagoma. Ukichelewa mwezi mmoja utasema nini? Ukichelewa mwaka je? Kadiri siku zinavyokwenda ndivyo mlango wa mtu unavyozidi kuwa mzito kugonga. Mwisho akaacha hata kutoka. Sikuwahi kujiuliza ni lini Jumatatu zile zilikoma.

Shemeji akasema, "Tuvichane."

"Tuchane nini?"

"Vikaratasi. Vichanwe, vichomwe, gari lije Jumamosi lichukue. Nani anajua? Sisi watatu."

"Na wenyewe."

"Wenyewe wamezeeka, wengine wamekufa. Shemeji, sikiliza. Marehemu hasemwi. Umemfunika kwa heshima, sasa unataka kumfunua?"

"Sijafunua mimi. Ameandika mwenyewe."

"Basi kibao kiandikwe mwizi! Utafurahi? Kwa herufi kubwa, watoto wa shule wasome!"

Hasira yake ilikuwa ya msiba, na mimi ya kwangu sikuwa na nguvu nayo. Usiku ule sikufikiri lolote la hekima, nililala tu kama gunia. Asubuhi nikampigia katibu simu nikamweleza yote.

Katibu alijibu kama anasoma: "Mama, kuna njia. Nitakupa fomu. Kila mwenye kitu akitia sahihi kwamba amekitoa kwa hiari, kitu kinakuwa halali, na hakuna haja ya kueleza kilikuwa wapi. Wakikataa wengi, chumba hakina cha kuonyesha, na kibao hatutakuwa na sababu ya kukiweka. Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Na hiyo medali, mama, ijaribu sana. Hiyo ndiyo ya kuweka katikati."

Njia ilikuwa nzuri. Hata shemeji alikubali, akasema hakuna mzee atakayekataa kitu chake kuwekwa kwenye kioo. Basi mimi na Flashi tukaanza kuzunguka, mfuko begani kwake, fomu mkononi kwangu.

Sitaeleza nyumba zote. Magoti yangu yanazikumbuka. Mjane wa bondia alitia sahihi kabla sijamaliza kusema. "Chukueni," alisema, "hizo glavu zilikuwa zinanitazama nikilala." Mwamuzi wa zamani aliitazama ile kadi nyekundu akasema si yake, hajawahi kumtoa mchezaji maishani mwake, na mke wake akacheka hadi akashika ukuta. Nahodha wa timu ya netiboli, sasa bibi mwenye wajukuu, aliivaa jezi yake juu ya gauni palepale, ikambana, akakataa kuivua. "Mlikuwa nayo wapi? Mbona nimeitafuta hadi kwa wifi zangu, nikawasingizia!" Nilimwambia ilikuwa imehifadhiwa. Ndivyo nilivyokuwa nasema kote. Imehifadhiwa gazetini. Ni neno laini, halimuumizi mtu.

Kufikia wiki ya mwisho tulikuwa na sahihi kumi na saba, waliochukua vyao kumi na mmoja, waliokufa bila mtu wa kupokea watatu. Katibu alisema inatosha, ikiwa medali itapatikana. Tulikuwa hatujaenda kwa Treni. Nilikuwa naahirisha kila siku. Nikawa naelewa vizuri sana jinsi Jumatatu zinavyopita.

Treni alikuwa anaishi nyumba za zamani za reli, safu ndefu ya milango inayofanana. Alikuwa amekaa nje kwenye stuli, mwembamba, magoti makubwa, fimbo imeegemea ukuta. Mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa anafua. Tulisalimia. Flashi akajitambulisha kwamba alikuwa gazetini.

"Gazetini," alisema Treni, na uso wake ukafunga.

Nilitoa medali kwenye kitambaa nikampa kwa mikono miwili. Hakuipokea mara moja. Aliitazama ikiwa mkononi mwangu kama mtu anayetazama nyoka aliyekufa, ahakikishe. Kisha akaishika, akapitisha kidole pembeni palipokuwa na pengo dogo.

"Hapa niliing'ata," alisema. "Nilikuwa mjinga, nikataka kujua kama ni dhahabu."

Mkwe wake aliacha kufua.

"Baba, ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

Yule mama alikaa chini na mikono yake yenye povu. Akatueleza yeye, kwa sababu mzee alikuwa haongei. Wanawe hawakuwahi kuamini. Walizaliwa wakasikia habari ya medali, wakakua hawajaiona. Walipokuwa wakubwa ikawa utani: mtu akisema jambo la uongo nyumbani, wanasema "hiyo ni medali." Mtoto akidanganya amemaliza kazi ya shule, "leta medali tuione." Mwaka mmoja uwanja uliwaita mabingwa wa zamani wapite mbele ya watu, kila mmoja na medali yake shingoni. Mzee alikwenda mtupu. Kijana wa getini hakumjua, akamwonyesha pa kukaa, na watazamaji.

"Nilikwenda gazetini mara tatu," alisema Treni. Hakuinua sauti. "Mara tatu waliniambia Kipenga yuko uwanjani. Mara ya tatu nilikaa hadi mfagiaji akanifagilia miguuni."

Nikamgeukia Flashi ili aseme labda kweli alikuwa uwanjani. Flashi alikuwa amefumba macho yote mawili.

"Alikuwa kwangu," alisema. "Kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha. Alikaa humo anasubiri uondoke. Nilimwambia toka, mpe mtu kitu chake. Akasema nitatoka nimwambie nini?"

Maji ya beseni yalikuwa yanatua.

Fomu ilikuwa mkononi mwangu. Nitasema ukweli, hata wakati ule nilikuwa bado naishikilia. Nilikuwa nafikiri, akitia sahihi hii, mlango wa chini ya jukwaa utakuwa na jina. Nikamweleza Treni habari za chumba, kioo, katikati, watoto wa shule. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Mama," alisema, "wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

"Pole kwa msiba."

"Asante, baba."

"Waiteni hao," alimwambia mkwe wake.

Walikuja wanaume wawili, mmoja ametoka kulala baada ya zamu, fulana yake imegeuka nje ndani, mwingine na mafuta ya mashine mikononi. Walisimama mbele ya baba yao kama watoto walioitwa kwa kosa. Treni aliiweka medali gotini.

"Huyu mama ndiye aliyekuwa nayo," alisema. "Awaambie ilikuwa wapi."

Flashi aliwahi. Najua alifanya kwa kunipenda. "Ilipotea kwenye makabati ya ofisi," alisema, "mambo ya ofisi, unajua, watu wengi, karatasi nyingi..."

Mwana mkubwa alimtazama baba yake, na nikaona kitu kilichonichosha kuliko nyumba zote tulizozunguka. Alikuwa bado hajaamini. Kitu kilichopotea ofisini chaweza kuwa cha mtu yeyote. Alikuwa anaitazama medali kwa jicho la mtu aliyezoea kutaniwa na anayengoja mzaha uishe.

"Haikupotea," nikasema. "Ilikuwa nyumbani kwangu, ukutani, chumba cha pili. Mume wangu aliiazima kwa baba yenu ili ipigwe picha, akamwambia atairudisha Jumatatu. Hakuirudisha. Baba yenu alipokuja kuidai, mume wangu alijificha. Baba yenu alishinda mita elfu kumi, na medali yake aliichukua Kipenga wa gazeti."

Nilitaja na jina lake kamili, lile la kwenye kaburi, wasije wakadhani nazungumzia mtu mwingine. Nikampa mwana mkubwa kikaratasi chenye uzi wa bluu. Alikisoma, akampa mdogo wake, naye akakisoma akarudia tena. Mwana mkubwa alichuchumaa mbele ya stuli.

"Baba, naomba niishike."

Akapewa. Akaipima mkononi.

"Nzito," alisema. Mdogo wake alifuta mafuta kwenye suruali, mara mbili, mara tatu, kabla ya kunyoosha mkono.

Nilikunja fomu nikaiweka kwenye mkoba. Treni aliniona. Mkwe alituletea chai na viti. Tulikunywa, wanaume wale wakizungushana medali kama watu wanaosoma barua. Mara Treni akanigeukia.

"Ile habari aliyoiandika kunihusu," alisema, "ilikuwa nzuri. Niliichana kwa hasira, lakini ilikuwa nzuri. Aliandika kwamba mzunguko wa mwisho niligeuza kichwa nyuma mara moja, nikaona hakuna mtu, nikaogopa. Kweli niliogopa. Watu elfu ngapi walikuwa pale, na hakuna mwingine aliyeliona hilo." Alikunywa chai. "Alikuwa mwizi anayeona vizuri."

"Ndiyo," nikasema. Lilikuwa jambo la kweli kuliko yote niliyosikia tangu tumzike, pamoja na zile hotuba.

Nilimpigia katibu nikiwa barabarani. Aliposikia medali haiji, na nilivyosema mbele ya watu, alishusha pumzi. "Basi, mama, hicho kibao kitakuwa kigumu." Nikamwambia naelewa. Wale waliotia sahihi nitawarudia niwaambie ukweli, achague kila mmoja upya. Akasema si lazima. Nikasema najua. Chumba cha chini ya jukwaa siku hizi kinawekwa viti vya plastiki.

Shemeji hajanisemesha wiki ya tatu sasa. Atakuja tu. Taa ya jikoni kwangu imeharibika na anajua hakuna fundi mwingine nitakayemwita.

Siku ile tulipotoka kwa Treni tukafika kituo cha basi, Flashi alitua mfuko chini, akahesabu kwa kugusa.

"Bado kumi na moja, na wale wa kuwarudia," alisema. "Twende kesho?"

"Keshokutwa," nikamwambia. "Kesho nina sketi ishirini za watu, na leo siwezi hata kuvua viatu."

"Basi keshokutwa. Nitakuja na uji kwenye chupa, maana wewe huli."

"Njoo mapema," nikasema. "Tukichelewa sitatoka."